Kibanio cha Nywele na Umeme wa Mitetemo

Chukua kile kibanio cha bati cha nywele za watoto, kile kinacholia "tak!" Kibonyeze polepole: kinagoma. Ongeza kidogo, kinaruka upande wa pili na kutulia huko. Nikiulizwa umeme wa mitetemo utatoka wapi, huonyesha kibanio hicho, si bembea.

Bembea ndiyo iliyotuchelewesha. Vifaa vingi vya mwanzo vya kugeuza mitetemo kuwa umeme vilikuwa ulimi mwembamba wa chuma wenye kizito nchani, umebandikwa kauri inayotoa umeme ikipindwa, tabia waliyoionyesha ndugu Jacques na Pierre Curie mwaka 1880. Ukitikiswa kwa mdundo wake, ulimi unacheza kama bembea. Mdundo ukihama kidogo, unazubaa. Aliyekaa dirishani kwenye daladala anajua: injini ikifika mzunguko fulani kioo kinatetemeka hadi meno yanauma, dereva akikanyaga mafuta kidogo, kimya. Na mitetemo ya daraja, bomba au mtu anayetembea haina mdundo mmoja.

Mwaka 2009 Francesco Cottone, Helios Vocca na Luca Gammaitoni wa Chuo Kikuu cha Perugia, Italia, walikuja na jibu la aina ya kibanio. Pendulamu imesimamishwa kichwa juu, sumaku kileleni, na sumaku nyingine mbele yake inayoisukuma. Zikisogezwa karibu, pendulamu haikai wima tena. Inapata vituo viwili, kushoto na kulia, na fujo za mtetemo zinairusha huku na huku. Kila mruko ni mpindo mkubwa wa kauri, yaani umeme zaidi. Utamu wote uko kwenye umbali ule: sumaku zikikaribiana mno, kilima cha kati, yaani kizuizi cha kuvuka ili kuruka upande wa pili, kinakuwa kirefu, pendulamu inanasa upande mmoja na kugeuka bembea tena, tena mbovu.

Sasa hizi habari za "chaji simu kwa mitetemo". Jamani! Vifaa vidogo hivi hutoa mikrowati (sehemu za milioni za wati), vikijitahidi sana miliwati (sehemu za elfu). Betri ya simu hubeba kama wati-saa 15. Kwa miliwati moja isiyokatika utaijaza baada ya miezi ishirini, simu ikiwa imezimwa.

Mahali pake ni kwenye kihisi kinacholala juu ya pampu, kikaamka kila dakika kumi kutuma joto la beringi. Mikrowati 100 kwa muda huo ni milijuli 60, na ujumbe mfupi wa redio hauzimalizi. Fundi hapandi ngazi kubadilisha betri. Hicho ningekinunua, ila muuzaji anijibu kwanza: siku pampu ikitetemeka kidogo, isiweze kuvuka kilima, kifaa chake kinafanya nini?