Fayette na Molo: mipaka ya nani?

Mamangu hunipigia kila Jumapili kutoka Molo, Kenya, na uchaguzi ukikaribia swali lake kuhusu MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, ni moja: "Ni wetu ama ni wa wale?" Nilipohamia kaunti ya Fayette, Georgia, kusini mwa Atlanta, nilidhani swali hilo nimeliacha uwanja wa ndege. Wakenya wa huku tukikutana kwenye nyama choma tunajigamba: kwetu ukabila, huku demokrasia. Hata mimi niliimba hivyo, mpaka 2012 nilipopiga kura ya kaunti kwa mara ya kwanza.

Baraza la kaunti lilikuwa na viti vitano, na kila kiti kilipigiwa kura na kaunti nzima. Sikuona ubaya. Mama mmoja Mmarekani mweusi ninayefanya naye kazi akachukua tishu tukila chakula cha mchana, akachora duara, akaligawa vipande vitano na kukipaka wino kimoja. "Hiki ndicho sisi," akasema. Kisha akachora duara lilelile mara nne zaidi, moja kwa kila kiti, na kila mara kipande chenye wino kikalemewa na vile vinne. Kaunti ina umri tangu 1821, na mweusi hakuwahi kuchaguliwa kuingia baraza hilo wala bodi ya shule. Sheria yenyewe haikutaja rangi popote. Ilihitaji tu wazungu wapige kura pamoja, basi.

NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, na wakazi kadhaa walikuwa wameshtaki tangu 2011. Jaji akaamuru 2013 kaunti igawanywe, kila eneo lichague mtu wake, na Novemba 2014 Pota Coston akawa mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwenye baraza. Kesi ilimalizika 2016 kwa mapatano: maeneo manne, na kiti kimoja cha kaunti nzima.

Kuna pia kura ya marudio. Kwetu MCA hupita kwa kuwa na kura nyingi kuliko wenzake, hata akiwa na robo. Georgia ilipitisha 1964 kwamba mshindi lazima avuke nusu. Inasikika haki, sivyo? Aliyeisukuma, mbunge Denmark Groover, alikiri miaka mingi baadaye kwamba alikuwa mbaguzi na kwamba baadhi ya siasa zake zilisukumwa na rangi. Hofu ilikuwa kwamba wazungu wakigawana kura kwa wagombea wengi, weusi walioungana wangemtanguliza wao. Marudio huwapa wengi nafasi ya kujipanga upya. Hadi leo tunarudi kwenye foleni kwa ajili yake, na mwaka 2021 wakaongeza marufuku ya kumpa mpiga kura maji karibu na kituo.

Hapo ndipo nilipoanza kuitazama Molo upya. Yalikuwa mashamba ya wazungu. Mwafrika alikuwa kibarua mwenye kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, kwao kukiwa rizavu, eneo ambalo mkoloni alilitengea kabila lake. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika vyama vya siasa, lakini vya wilaya tu, na chama cha nchi nzima kikangoja hadi 1960. Wanasiasa wetu wa kwanza walifundishwa kuomba kura ndani ya uzio. Tulipofika ghasia za 1992 na 2007, jirani aliyezaliwa Molo akiitwa "doadoa", yaani mtu wa kabila la nje, na kuambiwa arudi "kwao", aliyemfukuza alikuwa anasoma ramani ya mkoloni, hata kama hajui.

Nilimsimulia mama haya yote, pamoja na ile tishu. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hivyo huko mlikatiwa mipaka ndipo mkapata mtu wenu?"

Nikasema ndiyo.

"Na sisi hapa tulikatiwa mipaka ndipo tukaanza kuchomeana nyumba."

Nikaanza kumweleza kwamba si sawa, kwamba huku Georgia walioomba mipaka ni walionyimwa, na huko Molo aliyeikata ni mnyimaji. Salio likaisha katikati ya sentensi.