Kuipoza Yellowstone: je, inafaa kujaribu kuzuia mlipuko wa volkano kuu?

Mwaka 2017 Brian Wilcox, mhandisi wa maabara ya JPL ya shirika la anga la Marekani, NASA, alitoa kauli iliyosambaa haraka katika vyombo vya habari. Alikuwa amekaa katika jopo lililoishauri NASA kuhusu namna ya kuikinga dunia dhidi ya asteroidi na nyotamkia, na huko alifikia hitimisho kwamba volkano kuu ni tishio kubwa zaidi kuliko vitu vinavyoweza kutuangukia kutoka angani. Pendekezo lililotokana na hitimisho hilo lilikuwa kuipoza volkano ya Yellowstone, ambayo sehemu yake kubwa imo katika jimbo la Wyoming. Visima vingechorongwa kutoka pembeni hadi kina cha kilomita 10 hivi, maji yangesukumwa humo kwa shinikizo kubwa, yangerudi juu yakiwa na joto la takriban nyuzi 350, na joto hilo lingezalisha umeme wa kuuzwa. Gharama iliyotajwa ilikuwa dola bilioni 3.46.

Hesabu iliyo nyuma ya pendekezo hilo si ngumu kuifuata. Sehemu kubwa ya joto linalopanda kutoka chini ya Yellowstone hutoka lenyewe kupitia maji yanayopenya kwenye nyufa, na ndiyo maana hifadhi ya taifa ya Yellowstone imejaa chemchemi za maji moto. Linalobaki hujilimbikiza na kuyeyusha miamba zaidi. Kwa makadirio ya kundi la Wilcox, kiasi cha joto kinachotoka kikiongezwa kwa asilimia 35, volkano hiyo haitakuwa tishio tena.

Wanaounga mkono wazo hili wana hoja nzito, na nzito kuliko zote inahusu chakula. Volkano huitwa kuu pale inapoweza kutoa zaidi ya kilomita za ujazo 1,000 za majivu na mawe katika mlipuko mmoja. Mlima Pinatubo wa Ufilipino, uliolipuka Juni 1991, ulitoa kiasi kisichofikia hata sehemu ya hamsini ya hicho, lakini gesi yake ya salfa ilitosha kupunguza joto la dunia nzima kwa takriban nusu nyuzi. Tambora ya Indonesia, iliyolipuka mwaka 1815 na ambayo nayo haikufikia kiwango cha volkano kuu, ilifuatiwa na mwaka 1816 ambao Ulaya na kaskazini mashariki mwa Marekani viliukosa msimu wa joto. Mazao yaliharibika na njaa ikaingia katika nchi ambazo wakazi wake wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jina la mlima huo. Watu wanaoishi karibu na volkano wanaweza kuhamishwa, kama walivyohamishwa makumi ya maelfu huko Pinatubo kabla ya mlipuko. Mtu hahamishwi kutoka kwenye mavuno yaliyoharibika duniani kote. Kenya na Tanzania, ambazo huagiza nje sehemu kubwa ya ngano yake, zingeyasikia madhara ya mlipuko wa Wyoming bila kuona hata chembe ya majivu.

Hata hivyo, ukubwa wa janga lenyewe unabishaniwa kuliko inavyodhaniwa. Toba, iliyolipuka kisiwani Sumatra miaka 74,000 iliyopita na kutoa takriban kilomita za ujazo 2,800, ilisemekana kwa muda mrefu kuwa karibu iangamize ukoo wa binadamu. Ushahidi mmoja uliolitikisa dai hilo ulipatikana katika ziwa letu wenyewe. Katika tope lililochorongwa kutoka sakafu ya Ziwa Nyasa zilipatikana chembe za majivu ya Toba, ndogo mno kuonekana kwa macho, zilizosafiri zaidi ya kilomita 7,000. Lakini matabaka yaliyo juu na chini ya chembe hizo hayakuonyesha kwamba Afrika Mashariki ilipoa kwa kiasi kikubwa wakati huo. Huko Pinnacle Point, Afrika Kusini, chembe za mlipuko huohuo zimekutwa mahali ambapo watu waliendelea kuishi bila kukatika. Naona ushahidi huu unapunguza hofu ya kutoweka kwa binadamu, ila hauiondoi hofu ya njaa, kwa sababu wawindaji wachache waliokula samaki, konokono wa baharini na mizizi hawafanani na watu bilioni 8 wanaotegemea mahindi, mchele na ngano zinazopita katika bandari chache.

Suala la pili ni kama Yellowstone ndiyo inayostahili kuogopwa. Volkano hiyo ilikuwa na milipuko mikubwa mitatu, takriban miaka milioni 2.1, milioni 1.3 na 640,000 iliyopita, na kutokana na tarehe hizo umezuka uvumi kwamba zamu yake imefika na kupita. Vipindi viwili havitoshi kutengeneza ratiba ya kitu chochote. Taasisi ya jiolojia ya Marekani, USGS, hukadiria uwezekano wa mlipuko mkuu hapo kuwa karibu 1 kati ya 730,000 kwa mwaka, tena kwa tahadhari kwamba hesabu ya wastani kama hiyo ina thamani ndogo. Chini ya hifadhi ya taifa hakuna ziwa la magma, yaani mwamba ulioyeyuka, linalosubiri kutoboka, kama michoro mingi inavyoonyesha. Tabaka la juu lenye magma ni mwamba ambao kwa sehemu kubwa ni mgumu, ulioyeyuka kwa kiasi kinachokadiriwa kuwa asilimia 16 hadi 20, chini sana ya kiwango ambacho wataalamu wengi hukiona kuwa cha lazima ili mlipuko mkubwa utokee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha pia kwamba paa la tabaka hilo, lililo kwenye kina cha kilomita 3.8, linaruhusu gesi kutoroka badala ya kuifungia. Mtu anayetaka kupunguza shinikizo la Yellowstone anapaswa kwanza kueleza kwa nini anaamini kwamba shinikizo hilo linaongezeka.

Kuhusu usalama wa kuchoronga, wapinzani wa wazo hili mara nyingi hutia chumvi. Dhana ya kwamba ncha ya mtambo ikiigusa magma mlima utalipuka imekwisha kujaribiwa bila kukusudiwa, zaidi ya mara moja. Mwaka 2009, huko Krafla nchini Iceland, kisima cha IDDP-1 kilikutana na magma kwenye kina cha mita 2,104 pekee, ilhali lengo lilikuwa kushuka zaidi ya hapo. Kenya ina uzoefu wa aina hiyo: katika kaldera (bonde la volkano) ya Menengai, juu ya mji wa Nakuru, baadhi ya visima vya jotoardhi vilivyochorongwa tangu mwaka 2011 viliingia katika magma kwenye kina cha kilomita mbili na kidogo. Mafundi walitambua kilichotokea pale mabomba yalipong'ang'ania chini, na maji ya kuchorongea yakarudi juu yakiwa na vipande vya kioo, yaani magma iliyoganda ghafla ilipokutana na maji baridi. Nakuru haikulipuka. Mfano unaokaribia zaidi kuwatia hofu watu ni wa mwaka 1977, pia eneo la Krafla, ambapo magma iliyokuwa ikisafiri chini ya ardhi ilipenya katika kisima cha jotoardhi na kurusha nje tani chache za mawe ya moto. Na hapo volkano ilikuwa tayari katika kipindi cha milipuko yake yenyewe.

Kinachoniondolea imani katika mpango wa Yellowstone ni kisima hichohicho cha Krafla, kwa sababu nyingine. Kilitoa mvuke wa nyuzi 450, jambo la kutamanisha kwa mzalishaji yeyote wa umeme, lakini mvuke huo ulikuwa na tindikali na vumbi la silika, nao ulikula vyuma na kuziba mabomba kiasi kwamba mwaka 2012 vali ziliharibika na kisima kikalazimika kupozwa na kufungwa. Chuma bora cha wahandisi wenye uzoefu mkubwa kilidumu miaka mitatu tangu kisima kichorongwe. Mpango wa Wilcox, kwa maelezo yake mwenyewe, ungeupoza mwamba kwa kasi ya mita moja hivi kwa mwaka, kwa hiyo ungehitaji kuendeshwa kwa makumi ya maelfu ya miaka, na hakuna uhakika wa mafanikio kwa angalau mamia ya miaka ya mwanzo. Hakuna dola, kampuni wala chuo kilichowahi kudumu muda huo. Mradi ukisimama katikati kwa sababu ya vita au kufilisika, tutakuwa na volkano iliyobadilishwa kwa namna tusiyoweza kuipima, yenye nyufa na maji mapya ndani yake, bila mtu wa kuiangalia.

Gharama za karibu zinaonekana waziwazi. Kituo cha umeme wa jotoardhi cha Wairakei, New Zealand, kilianza kazi mwaka 1958, na chemchemi zilizokuwa zikirusha maji katika bonde la jirani zikafa. Maji yaliyosukumwa chini ya ardhi kwa ajili ya jotoardhi yalisababisha matetemeko huko Basel, Uswisi, mwaka 2006, na huko Pohang, Korea Kusini, mwaka 2017, ambako tetemeko lilifikia kipimo cha 5.4 hivi na kuharibu majengo mengi. Wapo pia watafiti waliokusanya zaidi ya njia 60 za kuzuia au kupunguza milipuko mikuu, ikiwamo kuongeza uzito wa udongo au maji juu ya volkano ili mlipuko uahirishwe kwa karne moja. Ninaheshimu ujasiri wa kuhesabu mambo ambayo wengine huyacheka, ila kuahirisha huku joto likiendelea kuingia ni kumwachia mjukuu deni lenye riba.

Turudi kwenye ulinganisho ambao Wilcox alianza nao. Septemba 2022 NASA ilikigonga kijisayari Dimorphos kwa chombo cha DART na kuufupisha muda wake wa kuizunguka asteroidi mwenzake kwa zaidi ya nusu saa. Jaribio hilo lilifaa kwa sababu Dimorphos hakikuwa kinaelekea kwetu: kosa lolote lisingemdhuru mtu, na matokeo yalipimika katika wiki chache. Yellowstone haina pacha lisilo na madhara ambalo tungelijaribia kwanza. Hapo ndipo ninapoona mstari wa kutenganisha uzuiaji unaofaa na usiofaa. Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa ghafla wingu la hewa ya ukaa Agosti 1986 na kuua takriban watu 1,700. Mwaka 2001 bomba la kudumu lilishushwa hadi karibu na sakafu ya ziwa. Pampu ililianzisha, kisha gesi yenyewe ikaendelea kuyavuta maji juu na kuyarusha hewani bila pampu. Jaribio lilianza na bomba dogo, kila hatua ilipimwa, na vali ingeweza kufungwa siku yoyote. Katika Ziwa Kivu, ambalo lina gesi nyingi zaidi kwa mbali, Rwanda inatoa methani na kuzalishia umeme, na kazi hiyo nayo inaweza kusimamishwa ikionekana kuvuruga matabaka ya maji.

Kwa kipimo hicho, Yellowstone isiguswe kwa sasa, huku mipango kama ile ya Krafla ya kuchoronga kwa makusudi hadi kwenye magma na kuweka vipimo humo ikistahili fedha. Wanaohitaji fedha zaidi, hata hivyo, ni walinzi wa volkano za kawaida na zile za kiwango cha Tambora. Watafiti Michael Cassidy na Lara Mani waliandika mwaka 2022 kwamba uwezekano wa mlipuko wa kiwango hicho katika karne hii ni 1 kati ya 6. Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021 na lava ikafika viungani mwa Goma, kituo cha kuichunguza volkano hiyo kilikuwa kimepoteza ufadhili wa Benki ya Dunia mwaka uliotangulia, na kwa miezi kadhaa kilikuwa kimekosa hata intaneti ya kupokea taarifa za mitambo yake.

Linabaki swali la kibali, ambalo wahandisi hulipita haraka. Mwaka 2010 meya wa Naples, Italia, alisimamisha kisima kirefu cha utafiti katika volkano ya Campi Flegrei kwa kuhofia usalama wa wakazi, na miaka miwili baadaye kikaruhusiwa kisima cha mita 500 tu. Huo ulikuwa utafiti, na walioogopa walikuwa na meya wa kumlalamikia. Kwa asteroidi, tangu miaka ya 2013 na 2014 kuna mtandao wa kimataifa wa tahadhari na kundi la mashirika ya anga la kupanga hatua, vyote vikiungwa mkono na Umoja wa Mataifa. Kwa volkano kuu hakuna chombo kama hicho, kwa hiyo Marekani ikiamua kesho kuitoboa Yellowstone, mkulima wa Mbeya au wa Punjab hana mahali pa kupeleka pingamizi lake.