Marefa, kubalianeni kwanza!

Marefa wa kikapu hapa Dodoma mtatuua kwa presha. Robo ya nne, imebaki dakika moja na ushee, wapinzani wametufunga kikapu, saa imesimama. Dogo wetu kaenda mwenyewe mezani kwa mwandika alama kuomba kuingia (anayeomba ni mchezaji wa akiba, siyo kocha). Refa mmoja anamwita, mwenzake anamrudisha benchi! Jamani, kanuni ya FIBA (shirikisho la kikapu duniani) iko wazi: dakika 2 za mwisho za robo ya nne, timu iliyofungwa kikapu inaruhusiwa kubadilisha, iliyofunga ndiyo isubiri. Wanabishana katikati ya uwanja, upepo unatujaza vumbi machoni, dogo kaivua fulana ya mazoezi nusu, hajui aimalizie au aivae tena. Na wa mezani? Kimya, anachezea kalamu.