Chawa wa skuli tuambizane, tusifichane

Mie nnasema hivi, kinachofanya chawa wasiishe kwenye skuli zetu sio uchafu, ni haya. Mama akimkuta mwanawe na chawa anafunga mlango, anamshughulikia kimya kimya, asubuhi mtoto anavaa ushungi wake anarudi kukaa benchi lile lile na shoga yake, ambae mama yake nae kafunga mlango au hajui kitu, baada ya wiki kadhaa wote wawili wanajikuna tena. Na kila nyumba inajiona iko peke yake.

Chawa wa kichwani hana habari na usafi jamani. Kichwa kilichooshwa leo kwa shampuu na kisichooshwa yeye kwake vyote sawa, anachotaka ni damu. Haruki, hapai, anatambaa tu, kwa hivyo anangoja kichwa kiguse kichwa. Sasa pita chuoni jioni uangalie, watoto wawili wameinamia juzuu moja, paji kwa paji, mmoja anasoma mwengine anafatisha kwa kidole, mtandio wa huyu uko begani kwa yule. Au wakirudi nyumbani wote wamejazana juu ya simu ya mama yao. Hapo ndo njia yake, wala usitafute mchawi.

Sasa kuna hili la kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake, ushungi unafunuliwa kila mtu aone, alafu anaambiwa nenda kwenu. Nimelishuhudia na limenikera sana, skuli siitaji. Mtoto akipata chawa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne mpaka sita ndo aanze kuwashwa, yani siku unayomfukuza keshakaa nao darasani mwezi mzima, unazuia nini? Hata madaktari wa watoto wa Marekani kupitia chama chao wanasema mtoto asikoseshwe skuli kwasababu ya chawa. Hawa wa kichwani hawaleti maradhi, wanaleta muwasho na vidonda vya kujikuna, basi.

Kwenye dawa ndo tunapoumizana. Mafuta ya taa hapana, tena hapana, yanababua ngozi ya kichwa na mtoto akipita karibu na jiko ndo msiba huo. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo ni sumu, mtoto anaivuta kifuani. Na kumnyoa mtoto wa kike upara, kweli chawa wanaondoka, lakini dawa ipo, ya nini kumliza?

Nenda famasi uulize dawa ya chawa yenye permethrini ya asilimia 1. Ile ya asilimia 5 ni ya upele, usichanganye. Fumua mabutu yote, osha nywele, futa zibaki na unyevu, paka dawa mpaka kwenye ngozi, ngoja dakika 10, suuza. Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili huyo hapakwi dawa, chawa wake wanatolewa kwa mkono. Wengi wanakosea hapa: dawa inaua chawa lakini mayai mengine yanabaki mazima, na yai linaanguliwa baada ya kama wiki moja, kwa hivyo rudia siku ya 9 hata kama humuoni hata mmoja. Usiporudia usije ukasema dawa feki. Ingawa kusema kweli kuna sehemu chawa wameshaizoea hii dawa, ukiona wanatembea tu kama kawaida muulize mfamasia akupe nyengine.

Kama hela hakuna, chanuo lenye meno ya karibu karibu linafanya kazi kubwa. Paka kondishna au mafuta ya nazi, gawa nywele mafungu madogo madogo (nywele zetu hizi bila ya kuteleza chanuo halipiti), chana kutoka kwenye ngozi mpaka ncha, kila ukivuta pangusa kwenye kitambaa cheupe uone umetoa nini, chawa mzima ni kama punje ya ufuta. Nyuma ya masikio na kisogoni ndo maskani yao. Rudia kila baada ya siku tatu nne kwa wiki mbili. Na ukiona kitu cheupe kipukute, kikidondoka ni mba, kikinata kwenye unywele mpaka uking'oe kwa kucha hilo ni yai.

Godoro usitupe, chawa akitoka kichwani hamalizi siku mbili, fua foronya na mitandio kwa maji ya moto uanike juani yatosha.

Ila yote haya nyumba moja ikifanya peke yake ni kazi bure. Mie nataka mwalimu wa darasa aandike kwenye grupu la wazazi, bila kumtaja mtoto wa mtu, kwamba chawa wapo, Jumamosi hii kila mzazi amkague mwanawe na aliekutwa nao atiwe dawa siku hiyo hiyo, na maalim wa chuoni nae aambiwe. Mesej moja tu, bando la mia tano linatosha na chenji inabaki.