Wakazi wanaotetea uwanja wazi si maadui wa nyumba

Kila mara wakazi wa mtaa fulani wa Nairobi wanapoinuka kupinga ujenzi wa nyumba katika uwanja au kipande cha msitu kilichosalia, jibu la kwanza wanalopewa ni kwamba wao tayari wana pa kulala na sasa wanawafungia wenzao mlango. Shutuma hiyo inauma, kwa sababu wengi katika mji huu ni wapangaji, wapo wanaolala familia nzima katika chumba kimoja cha mabati, na Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Hata hivyo nasimama na wakazi hao, na sababu yangu ya kwanza ni msitu wa Karura, ulioko Nairobi.

Mwaka 1998 ilibainika kwamba sehemu kubwa ya msitu huo wa umma, wenye zaidi ya hekta 1,000 na uliohifadhiwa kisheria tangu 1932, ilikuwa imegawiwa kampuni za binafsi kimyakimya ili zijenge nyumba za kifahari na ofisi. Mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement, shirika la upandaji miti, walikwenda huko na miche. Tarehe 8 Januari 1999 walikuta walinzi wa kukodiwa langoni, wakapigwa. Maathai alipasuliwa kichwa, na alipofika kituo cha polisi kuandikisha taarifa aliitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Mwezi huohuo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliingia barabarani, na mwezi wa Agosti Rais Moi akatangaza kusitisha ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu ukabaki. Leo watu hutembea humo hadi kwenye maporomoko ya maji na mapango walimojificha wapiganaji wa Mau Mau, na baadhi ya wanaolinda njia zake ni vijana kutoka makazi duni ya jirani.

Nauliza basi: nyumba zilizokusudiwa kujengwa Karura zingempa makazi nani? Hakika si mpangaji wa mtaa wa mabanda wa Mathare. Neno "nyumba" hutumiwa kana kwamba kila nyumba inapunguza uhaba uleule, ilhali jengo ambalo fleti yake moja inauzwa kwa bei ambayo mwalimu au mhudumu wa hospitali hawezi kuilipa hata akikopa halipunguzi foleni ya wanaohangaikia kodi. Anachokipata mpangaji huyo ni hasara tupu, kwani udongo ulio wazi hunywa maji ya mvua, na ukishafunikwa kwa saruji maji hayo hayana budi kuteremkia mabondeni. Mafuriko ya masika ya 2024 yalisomba nyumba za Mathare, na baada yake waliobomolewa vibanda kwa kuwa karibu na mto walikuwa ni walewale maskini.

Linalonikera zaidi ni namna wakazi wanavyodaiwa kuwa walishirikishwa. Nimewahi kuona tangazo la mradi, karatasi moja yenye maandishi madogo, likiwa limebandikwa nyuma ya mlango wa ofisi ambao mchana kutwa huachwa wazi, hivyo anayeingia haoni kitu. Mkutano wa kutoa maoni uliitishwa siku ya kazi, saa nne asubuhi; wazee wachache walihudhuria, wakatia sahihi orodha ya waliofika, na orodha hiyo ikageuzwa kuwa ushahidi kwamba mtaa umeridhia. Mabati yalipozungushwa uwanjani ndipo wengi walipopata habari, na kufikia hapo tayari tingatinga limeletwa.

Sisemi kwamba kila anayepinga ana haki. Wapo wanaokataa ghorofa popote pale, huku wakijificha nyuma ya miti, kwa sababu tu hawataki majirani wa kipato cha chini. Hao siwatetei. Nyumba kuukuu za kaunti pale Pangani zilipobomolewa ili kupisha maghorofa, ardhi ile ilikuwa imejengwa tayari, ikiwa na barabara na maji taka, na hapo ndipo serikali inapopaswa kuanzia kabla ya kugusa uwanja hata mmoja wanamochezea watoto.

Kwa wanaohofia kwamba hawana hatimiliki wala pesa za kuthibitisha hasara, Kifungu cha 70 cha Katiba kinasema wazi kwamba anayekwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi halazimiki kuonyesha kuwa mtu yeyote amepata hasara au madhara. Mpangaji wa chumba kimoja anaweza kufungua kesi hiyo sawa na mwenye jumba la Runda, na ingefaa afanye hivyo mabati yakiwa bado hayajafika.