Kolesteroli: "daktari" wa kaunta aachiwe kazi kiasi gani?

Mombasa, kila anayesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa huitwa daktari. Awe mfamasia mwenye shahada, awe mwenye diploma, awe kijana aliyeachiwa duka mwenyewe akienda kuswali, wote ni daktari. Ndiyo maana nasitasita nikisikia kwamba wafamasia waachiwe kuwahudumia wenye kolesteroli nyingi, yaani mafuta yaliyozidi kwenye damu. Hata hivyo, hoja yenyewe si nyepesi.

Mwaka huu, Idd ikiwa imeshapita, nilipanga foleni Majengo nyuma ya mzee aliyeshika pakiti ya atorvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, iliyobaki vidonge viwili.

"Nikatie kumi, daktari."

Kumi, si thelathini za mwezi. Ndizo mfuko ulizoruhusu.

"Hizi za mwanzo ulichukua lini, baba?" dada wa kaunta akauliza.

"Kabla ya Ramadhani. Nikifunga, ningezimeza saa ngapi? Na mwili haukuniuma."

Dada akamweleza kwamba atorvastatini humezwa saa yoyote, hata baada ya futari. Simvastatini, dawa ya jamii hiyohiyo, ndiyo yenye desturi ya usiku. Maneno mawili tu, na mzee alikuwa amekaa mwezi mzima bila dawa kwa kuyakosa. Kolesteroli haiumi. Mafuta hujijenga kwenye mishipa kimyakimya miaka na miaka, na asiyeumwa huacha dawa bila kumwambia mtu. Daktari aliyemwandikia huenda asijue mpaka miezi ipite. Wa kaunta, akiuliza, anajua papo hapo.

Kanada walilipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa 2002: wagonjwa 675, maduka ya dawa 54. Wafamasia walipima, wakashauri, wakampelekea daktari taarifa. Waliopimwa kikamilifu na daktari, au kuanzishiwa ama kuongezewa dawa, walikuwa asilimia 57, dhidi ya 31 kwa wasiofuatiliwa hivyo. Lakini tazama kilichohesabiwa: ni hatua za matibabu, si mioyo iliyookolewa. Na daktari hakuondolewa mahali pake.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2004 iliruhusu simvastatini ya miligramu 10 iuzwe bila cheti. Kwetu nisingetaka. Anayeshauri ndiye anayeuza, na pembeni ya kaunta zimepangwa tembe za kitunguu thomu zenye faida nono. Tezi ya shingo ikizembea nayo hupandisha kolesteroli; tone la damu ya kidole halitakwambia hivyo. Na nani atazungumzia uzito wake, au tui la nazi analotia kila chakula, watu watano wakimpumulia mgongoni?

Kuandika dawa kubaki kwa daktari. Kufuatilia apewe mfamasia, na kazi hiyo ilipwe. Yeye ndiye wa kumwuliza mgonjwa kama misuli inauma bila sababu, au mkojo umekuwa mweusi kama chai, dalili kwamba dawa huenda inamdhuru, na kumwahisha hospitali. Ndiye wa kuzuia klarithromaisini, antibiotiki ya kifua, isichanganywe na simvastatini, maana pamoja huweza kudhuru misuli. Tatizo, leo tunanunua Majengo, kesho Kongowea, keshokutwa ng'ambo Likoni, na hakuna duka lenye habari zetu zote. Mama mjamzito ana kijitabu cha kliniki. Mwenye kolesteroli ana nini?

Yule mzee alipewa vidonge vyake kwenye bahasha ya khaki. Juu yake dada aliandika kwa kalamu tarehe vitakapokwisha. Kumbukumbu nyingine ya tarehe ile haikuwapo.