Leseni Inadai Saa, na Saa Zinadai Leseni

Juma lililopita nilisoma tangazo la ajira ya wauguzi nikaishia kulisoma kwa sauti, nikidhani macho yangu yamenidanganya. Aya ya kwanza ililalamikia uhaba mkubwa wa wauguzi na kuwashukuru wachache waliopo kwa moyo wao wa kujitolea. Kisha, kwenye orodha ya masharti, ikaandikwa kwamba mwombaji awe na uzoefu wa wodini usiokatika katika kipindi cha miaka 2 iliyopita. Hawana watu, wanawatangazia watu kwamba hawana watu, na wakati huohuo wanawafungia mlango watu waliokwisha kusomea kazi hiyo, wakaapa, wakaifanya kwa miaka na sasa wanaomba kuirudia.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 kuhusu hali ya uuguzi inasema kwamba mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 na pengo la wauguzi milioni 5.8. Ripoti hiyohiyo inasema wanawake ni asilimia 85 ya wauguzi hao, na yeyote anayejua nani huachiwa watoto, wazee na wagonjwa wa nyumbani hahitaji kuambiwa kwa nini wengi wao hukatiza kazi katikati ya safari. Wengine huondoka kwa sababu ya mgongo ulioharibika kwa kuinua wagonjwa, na wengine kwa sababu ya uchovu ambao likizo haiutibu. Mwaka 2020 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Muuguzi na Mkunga, miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Florence Nightingale, nasi tulipewa makofi mengi sana. Makofi hayakumrudisha mtu yeyote wodini.

Kinachoniudhi zaidi ni fundo lenyewe. Ili leseni ihuishwe, baraza la wauguzi linataka saa za kazi, na ili upate saa za kazi, hospitali inataka leseni hai. Nchini Uingereza angalau fundo hilo limeandikiwa njia ya kulifungua: anayehuisha usajili anatakiwa awe amefanya kazi saa 450 ndani ya miaka 3, na aliyezikosa anaweza kusoma kozi ya kurejea kazini yenye mazoezi chini ya msimamizi, au kufanya mtihani wa umahiri. Unaweza kubishana nao kuhusu idadi ya saa, lakini mtu anajua aanzie wapi. Penye sharti lakini pasipo njia, muuguzi hupigwa danadana kati ya ofisi na ofisi mpaka akate tamaa, kisha anahesabiwa miongoni mwa walioikimbia taaluma.

Hoja ya wanaofunga mlango ni kwamba uuguzi umebadilika mno. Mimi nimekuwa kiongozi wa wodi kwa muda wa kutosha kujua kilichobadilika na kisichobadilika, na naomba tuvitenganishe. Aliyeacha kazi kabla ya mwaka 2005 alifundishwa kumfufua mtu mzima ambaye moyo umesimama kwa kukandamiza kifua mara 15 kwa kila pumzi 2 za kumpulizia. Tangu mwaka huo ni 30 kwa 2. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2010 ukaweka kukandamiza kifua mbele ya pumzi, na mwaka 2015 kasi ikawekewa mipaka ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6. Mwaka 2016 maana ya sepsisi, ile hali ya mwili kuitikia maambukizi kwa namna inayohatarisha uhai, iliandikwa upya, uzito ukahamia kwenye viungo vinavyoanza kushindwa kazi. Hayo si madogo, na asiyeyajua asiachwe peke yake na mgonjwa. Lakini ni mambo ambayo mwalimu mzuri, sanamu ya mazoezi na siku chache zinatosha kuyafundisha, na ukweli usiopendwa kusemwa ni kwamba wapo ambao hawakuondoka wodini hata siku moja na bado wanakandamiza kifua kwa kasi ya zamani.

Sasa tazama kisichobadilika. Lita 1 ya maji ya dripu inayotakiwa kuingia mshipani kwa saa 8, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika, leo kama ilivyokuwa zamani. Mgonjwa asiyegeuzwa kitandani atapata kidonda cha mgandamizo palepale kilipokuwa kikitokea, juu ya mfupa wa nyonga, kwenye kisigino, mwisho wa uti wa mgongo. Wala haijabadilika sura ya mtu anayezidiwa kimyakimya, anayekujibu "sijambo" huku akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja.

Tulimpokea wodini mama mmoja aliyekuwa nje ya kazi kwa miaka mingi, akiwa chini ya usimamizi, na kompyuta ya kumbukumbu za wagonjwa ikimtoa jasho kuliko mgonjwa yeyote. Usiku mmoja alisimama kando ya kitanda cha mzee ambaye mashine ilionyesha oksijeni yake iko sawa, akatazama kifua chake dakika nzima kwa saa ya mkononi, kisha akasema: "Anavuta pumzi 28." Kwenye chati pumzi ziliandikwa 18, kama zilivyoandikwa 18 kwa wagonjwa wote wa safu ile, jambo ambalo kila muuguzi anayesoma hapa anajua maana yake: hakuna aliyezihesabu. Kijana wa zamu, ambaye kwa alama za tahadhari, zile zinazojumlishwa kutoka kwenye vipimo vya mgonjwa kuonyesha kama anazidiwa, ni hodari kuliko mimi, aliingiza namba hiyo na kuona kwamba pumzi 25 na kuendelea zinabeba alama 3 peke yake, akamwita daktari papo hapo. Yule mama hakujua alama zile zinahesabiwaje. Yule kijana hakuwa amehesabu pumzi. Niambieni basi, ni yupi kati yao tungemwacha nje kwa kigezo cha tangazo lile?

Nakubali, ingawa si kwa furaha, kwamba wapo wanaorudi na hawafai tena. Nimewahi kumwona mtu anayebisha kila utaratibu mpya kwa kuwa "sisi hatukufanya hivyo", na mtu wa namna hiyo ni hatari akiwa na dawa mkononi. Lakini tabia hiyo haionekani kwenye karatasi ya maombi wala haipimwi kwa kuhesabu miaka ya kukaa nyumbani. Inaonekana kwenye makabidhiano ya zamu, kwenye toroli la dawa, na pale anaposahihishwa na mtu mwenye umri wa mwanawe.

Kuhusu lile swali la usaili, "miaka yote hiyo ulikuwa unafanya nini?", nitasema tu kwamba mtu aliyemgeuza, kumlisha na kumsafisha mzazi mwenye kiharusi hadi siku ya mwisho hakuwa likizoni.

Ninachotaka si huruma. Nataka kila hospitali inayolalamikia uhaba itenge nafasi za wanaorejea, wawe na leseni ya muda inayowaruhusu kufanya kazi chini ya msimamizi aliyetajwa kwa jina, wafundishwe upya ufufuaji, hesabu za dawa, udhibiti wa maambukizi na kompyuta kabla ya kukabidhiwa wagonjwa wao wenyewe, na msimamizi huyo apunguziwe wagonjwa, kwa maana usimamizi wa kuongezewa juu ya wagonjwa ishirini ni jina tu. Baraza lizihesabu saa hizo kuelekea leseni kamili. Na walipwe tangu zamu ya kwanza, si baada ya kufaulu. Anayefunga kitanda, anayepima presha na kumwosha mgonjwa saa kumi na moja alfajiri anafanya kazi, hata kama mtu amesimama nyuma yake akimtazama.